Warren: Tazama anasimama na nani

YADI KUMI
Na Athumani Kipande

Kambi za maandalizi za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, zilipofunguliwa mwishoni mwa Julai 2025, video fupi za Tyler Warren, taitiendi kinda wa Indianapolis Colts, hazikukauka. Anadaka pembeni, anadaka katikati, anaangukia eneo la kufungia na mpira kifuani. Kila video ilizua swali lile lile kwa wanaocheza fantasi, mchezo wa timu za kubuni zenye wachezaji halisi: tumchukue au tumwache? Mimi nilisema mchukueni, ila sababu zangu hazikuwamo katika video hizo.

Wanaocheza fantasi ya Ligi Kuu ya England watauelewa mchezo huu upesi. Tofauti kubwa ni kwamba huku, kwa kawaida, mchezaji akishapata mwenyewe ndani ya ligi yenu, wengine hammpati tena. Mara nyingi mnakuwa watu 12, mnachagua kwa zamu, raundi baada ya raundi, na kila mmoja anahitaji taitiendi mmoja wa kuanza naye. Yadi 10 ni pointi 1, tachidauni ni pointi 6, na ligi nyingi zinaongeza pointi nzima au nusu kwa kila mpira uliodakwa. Mataitiendi wa kutegemewa hawafiki 12. Ndiyo maana kinda mmoja wa nafasi hiyo anaweza kupigiwa kelele kuliko washambuliaji wa pembeni watatu.

Taitiendi ana kazi mbili. Mchezo mmoja anasimama bega kwa bega na safu ya mbele kuwazuia wanaume wa kilo 120 wasimfikie mkimbiaji wake. Unaofuata anachomoka kwenda kudaka. Kuzuia hakuna pointi hata moja katika fantasi, na wachezaji wengi wa fantasi hawaitazami kazi hiyo kabisa. Hapo ndipo wanapopotea. Asiyejua kuzuia, kocha humtoa kila timu inapotaka kukimbia na mpira, na wapinzani wakimwona anaingia wanajua mpira utarushwa. Anayejua kuzuia hukaa uwanjani kila timu inapojaribu kusogeza mpira, jaribio la kwanza, la pili na la tatu, na aliye uwanjani ndiye anayerushiwa. Siku za mwanzo za kambi wachezaji hawavai mavazi kamili ya kinga, kwa hiyo kazi hii haipimiki. Taarifa za siku hizo zote ni za kudaka, na mimi huzisoma bila haraka ya kuziamini.

Wakongwe wa fantasi wana kanuni yao: taitiendi wa mwaka wa kwanza usimtegemee. Hawakuitoa hewani. Mwaka 2019 T.J. Hockenson wa Detroit Lions alicheza mechi yake ya kwanza akapata yadi 131. Msimu wake wote uliishia yadi 367. Kyle Pitts wa Atlanta Falcons alipata yadi 1,026 mwaka 2021, akafunga tachidauni moja tu, tena London. Rekodi ya yadi ya mataitiendi makinda, 1,076, ilikuwa ya Mike Ditka tangu 1961.

Kisha Sam LaPorta akaja Detroit mwaka 2023, akadaka mipira 86 na kufunga tachidauni 10. Mwaka 2024 Brock Bowers wa Las Vegas Raiders akaivunja rekodi ya Ditka kwa yadi 1,194, akadaka mipira 112. Wengi wanasema makinda wa siku hizi wana vipaji zaidi. Mimi naona nafasi. Lions walikuwa wamempeleka Hockenson Minnesota katikati ya msimu wa 2022, na pengo lake lilikuwa wazi. Raiders walimwachia mdakaji wao mkuu, Davante Adams, aende zake Oktoba 2024, na Bowers akarushiwa mipira 153 msimu mzima. Makwotabeki wake, yaani warushaji wa mpira, hawakuwa wa kujivunia. Alirushiwa tu, tena na tena.

Kwa Warren, pengo kama hilo lilikuwapo. Colts msimu wa 2024 walipata mavuno haba mno kutoka kwa mataitiendi wao, na Aprili 2025 walimchukua wa 14 katika drafti, uchaguzi wa makinda, wakijua wanachokitafuta. Mwaka wake wa mwisho chuoni Penn State alidaka mipira 104 kwa yadi 1,233. Dhidi ya USC alidaka 17 kwa yadi 224, na katika mchezo mmoja wa siku hiyo alianza yeye mwenyewe kuupitisha mpira nyuma kati ya miguu, kisha akakimbia na kwenda kuudaka ukiwa tachidauni. Kijana huyu alicheza kwotabeki sekondari na hakimbii kazi ya kuzuia. Kocha wa Colts, Shane Steichen, hakuwa na sababu ya kumtoa uwanjani.

Wasiwasi wangu ulikuwa kwa anayerusha. Anthony Richardson ana mkono wenye nguvu za ajabu, lakini msimu wa 2024 mipira yake iliyofika ilikuwa asilimia 47.7. Daniel Jones, aliyewahi kuchezea New York Giants, hatishi kwa umbali, ila mpira mfupi wa katikati anaufikisha, na huko ndiko Warren anakoishi. Katika kambi ile ya 2025 ushindani wao ulikuwa haujaisha. Jones angepewa kazi, ningempandisha Warren raundi moja mbele; angepewa Richardson, ningesubiri raundi ya tisa au ya kumi na bado ningemchukua.

Inaniuma kuona kijana akihukumiwa kwa mpira mmoja ulioponyoka mazoezini. Ulizeni alikuwa na kikosi gani ulipomponyoka. Kama ni cha kwanza, kwenye jaribio la tatu, habari ni njema hata mpira ukiwa chini.

Taitiendi kinda mwenzake, Colston Loveland wa Chicago Bears, alichukuliwa kabla ya Warren, wa 10, na kocha wake Ben Johnson ndiye aliyepanga mashambulizi ya Detroit wakati wa LaPorta. Hilo si dogo. Lakini Loveland alifanyiwa upasuaji wa bega Januari 2025, mazoezi ya masika yakampita, na mbele yake alikuwapo Cole Kmet, anayejua kuzuia na aliyeaminika. Loveland nilimwacha bila mwenyewe katika ligi yangu mpaka nione Kmet anakaa benchi kwenye jaribio la tatu.