Mzigo Uliogusa Sakafu

Wenzetu, mwezi uliopita tulikwenda kumtazama karani mwenzetu katika hospitali moja ambayo hatuitaji jina. Alikuwa ameanguka na pikipiki, akavunjika mfupa wa paja. Chini ya goti alitiwa msumari, na kamba ikapitishwa juu ya kapi, na mwisho wake ukafungwa mzigo wa kilo 7. Tulipoinama tuliona mzigo umekaa sakafuni. Mfagiaji alikisogeza kitanda asubuhi, na hata saa tisa hapana aliyetazama.

Huenda msomaji akasema ni jambo dogo. Sivyo. Misuli ya paja ina nguvu nyingi; mfupa ukivunjika huvuta vipande vikapandana, na mguu ukapona mfupi. Mzigo ndio uishindao misuli hiyo pole pole, nao ukigusa sakafu hauvuti kitu. Ndiyo sababu pia upande wa miguuni wa kitanda huinuliwa juu ya matofali, ili uzito wa mwili wenyewe uvute upande wa pili.

Thamani ya kuushika mguu uliovunjika ilionekana katika vita vya 1914 hata 1918. Husimuliwa kwamba askari wa Uingereza waliovunjwa paja kwa risasi walikuwa wakifa yapata 80 katika 100. Walipofungwa banzi alilolibuni Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool aliyefariki 1891, wakawa chini ya 20. Na tangu 1939, Küntscher wa Ujerumani alipoanza kutia chuma ndani ya paja, wenye bahati huenda kwao baada ya siku chache. Lakini katika hospitali nyingi za wilaya mgonjwa angali akilala juma sita, hata kumi na mbili.

Katika majuma hayo maisha yake yamo mikononi mwa muuguzi. Yampasa kutazama vidole vya mguu: vina joto? Vina rangi yake? Mgonjwa aweza kuuinua wayo? Maana mshipa wa fahamu upitao nje ya goti ukibanwa, wayo huanguka. Tena atazame kisigino na matako, visije vikafanya vidonda, na mahali msumari uingiapo, pasije pakatoa usaha.

Wala hatumlaumu muuguzi yule. Alikuwa peke yake kwa wagonjwa zaidi ya thelathini. Lawama yetu ni kwa wagawao kazi, wadhanio kwamba aliyefungwa kitandani hahitaji mtu kwa kuwa hawezi kwenda popote. Twaomba waongezwe wauguzi, hasa wa usiku. Na kila kitanda kiwe na kibao cha kuandika uzito, na saa mzigo ulipotazamwa. Wafagiaji na jamaa waambiwe wasiuinue, ijapokuwa mgonjwa awasihi kwa machozi.

Mwenzetu yumo katika juma la tano, naye anaomba magazeti. Atakayempelekea akae upande wake wa kulia, maana kushoto ndiko ipitako kamba.