Kamera Kubwa, Kamera Ndogo na Jicho la Kuteua

Wapigapicha wa zamani hupenda kudai kuwa kamera kubwa huzaa picha nzuri nyingi zaidi, kwa kila kumi zipigwazo, kuliko kamera ndogo. Dai hilo lina ukweli. Hata hivyo, wengi hudhani siri imo katika upana wa filamu, ilhali kwa maoni yangu imo katika gharama ya kukosea.

Hebu tutazame hesabu. Mkanda wa milimita 35, ambao kamera ya Leica iliueneza kuanzia 1925, hutoa picha 36. Filamu ya kamera za sentimita 6 kwa 6 hutoa picha 12. Ama kamera kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, hiyo hulishwa kipande kimoja cha filamu kwa kila picha, na mwenyewe hujifunika kitambaa cheusi akitazama sura iliyopinduka kichwa chini kwenye kioo. Aliyetaabika kiasi hicho hapigi ovyo. Huwa ameshazikataa picha nyingi moyoni kabla ya kupiga moja.

Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka wa 1948, alitumia filamu za sentimita 13 kwa 18. Kwa kuwa zilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga kila mteja picha moja tu, baada ya kumpanga mavazi, mikono na mkao. Leo picha hizo hutundikwa katika makumbusho mashuhuri duniani.

Lakini tusiharakishe kuhukumu. Malick Sidibé wa mji uo huo alichukua kamera nyepesi akaingia katika dansi za vijana miaka ya 1960. Apigaye kwa namna hiyo hana budi kupoteza picha nyingi, ila hupata zile ambazo kamera nzito isingezifikia kamwe. Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Wao hao wakanena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila methali ina mahali pake, na kila kamera kadhalika.

Swali la haki, basi, ni hili: uteuzi hufanyika lini? Kamera kubwa humlazimisha mtu ateue kabla ya kupiga. Ndogo humruhusu ateue baadaye. Msiba ni kutoteua kabisa. Mmarekani Garry Winogrand, mpigapicha hodari, alipofariki mwaka wa 1984 aliacha mikanda ipatayo 2,500 ambayo haikuwa imesafishwa.

Msiba huo sasa umetufikia majumbani. Simu ya mkononi haina mkanda wa kwisha. Harusi moja huzaa mamia ya picha, na familia isiwe na hata moja ukutani. Simu ikiibwa, mjukuu hubaki bila sura ya nyanya yake. Wazazi wetu walikwenda studio kwa nadra, wakaturithisha picha chache tunazozienzi hadi leo.

Tusiitupe simu. Kila mwisho wa mwezi tuteue picha tano, tuzichapishe, na nyuma yake tuandike majina na tarehe. Watakaotufuata hawatakuwa na nafasi ya kupekua maelfu tuliyoyarundika; kazi ya kuteua ni yetu, tungali hai na tungali tunayakumbuka majina.