Kalipa Kwanza, Printa Baadaye

Mzazi ambaye mwanawe amependa roboti huombwa mapema anunue printa ya 3D, ile mashine inayojenga kitu cha plastiki tabaka juu ya tabaka. Rai yetu ni kwamba asubiri. Kinachotangulia ni kalipa ya kupimia na kompyuta yenye programu ya usanifu, kama FreeCAD, ambayo hutolewa bure.

Tuchukue mfano wa mota ndogo ya servo ya gramu 9, ambayo wanafunzi wengi huitumia kuinua mkono wa roboti. Kiwiliwili chake kina upana wa takriban milimita 12 na urefu wa 23. Mtoto akichora kishikizi chenye nafasi ya vipimo hivyo hivyo, aghalabu mota itakataa kuingia, kwa sababu plastiki iliyoyeyushwa hutanuka kidogo inapomiminwa, na tundu hutoka dogo kuliko lilivyochorwa. Ndiyo maana skrubu ya milimita 3 huchorewa tundu la 3.2 au zaidi. Nyongeza hiyo haipatikani kwa kukisia. Mtoto huchapa kipande kidogo cha majaribio, akakipima, akarekebisha mchoro.

Hapo ndipo programu inapomsaidia. Mchoro uliofungwa kwa vipimo na masharti hutii: akibadili upana wa mota, kuta na matundu husogea pamoja nao. Fikra hiyo ni ya zamani. Ivan Sutherland aliionyesha mwaka 1963 nchini Marekani kwa programu yake ya Sketchpad.

Wapo wasemao kwamba vipande vilivyokwisha kuchorwa vimejaa intaneti, basi mtoto ataabike kwa nini? Ni kweli, na kunakili si aibu. Lakini dukani ikikosekana mota ile, ikapatikana nyingine iliyozidi kwa milimita mbili, aliyenakili tu atakwama, na aliyechora atabadili namba moja.

Kuchapa kwenyewe kwaweza kufanywa kwa malipo katika karakana yenye mashine. Na kishikizi kikivunjika, tafadhali, wazazi, kisitupwe. Mtoto akitazame. Kikiwa kimeachana baina ya matabaka, kilazwe upande mwingine kabla ya kuchapwa tena. Kikiwa kimekatika kwenye kona kali ya ndani, kona hiyo ichorwe kwa mviringo.