Si sumu kila mara: Thomson, mnyoo wake na vipele

Mtu akivimba midomo na kujaa vipele baada ya kula bukari na Thomson, mara nyingi majirani wa Lubumbashi hutamka neno moja: sumu. Ndipo lawama zinaanza, naye mgonjwa ananyweshwa maziwa au mafuta ya mawese. Thomson mwenyewe haulizwi.

Samaki huyo hatoki Kasenga. Huvuliwa katika bahari ya Atlantiki, wengi wao Namibia, na huletwa akiwa barafu kwa malori kupitia Zambia hadi Kasumbalesa. Huuzwa mzima, na matumbo yake ndani. Humo, mara nyingine, mna mnyoo mdogo mweupe aliyejikunja, Anisakis. Aliyeliwa hai katika samaki mbichi huumiza tumbo vibaya. Ndiyo sababu Uholanzi iliamuru mwaka 1968 samaki wa heringi wagandishwe kwanza. Kwa Lubumbashi hatari hiyo ni ndogo, maana barafu humuua, na kikaango pia.

Lakini baadhi ya protini zake hazifi naye. Mwili uliokwisha kuzichukia unaweza kuwasha na kuvimba, hata kufunga pumzi, ingawa samaki ameiva. Mwaka 1990 waganga wa Japani walionyesha kwamba wagonjwa waliodhaniwa kuwa na mzio wa makareli walikuwa, kwa kweli, na mzio wa mnyoo huyo.

Kuna na sababu nyingine, pengine ya kawaida zaidi katika mji ambao umeme hukatika ovyo. Thomson aliyeyeyuka saa nyingi hujaa histamini. Kumrudisha kwenye frigo hakuiondoi, wala kumkaanga. Vipele vyake hufanana na vile vya mzio.

Ukaguzi wa OCC mpakani hautoshi, basi. Depo za baridi na meza za soko zinahitaji kipimajoto na mkaguzi anayerudi bila kuarifu. Wamama wauzaji wasibebeshwe mzigo huu peke yao; hawakuzima umeme wao.

Nyumbani, matumbo yatolewe mapema na kutupwa. Anayefungwa pumzi apelekwe hospitali mara moja kwa sindano ya adrenalini, maziwa hayamsaidii. Na aliyepata vipele zaidi ya mara moja amweleze munganga alikula samaki gani, kabla ya kuacha samaki wote: mnyoo huyu ni wa bahari, wale wa ziwa Mweru hawana naye habari.