Bunduki Kuukuu, Vita Vipya

Vitabu vingi vya silaha huanza habari za Mauser ya 1871 mjini Oberndorf, Ujerumani, kwa ndugu Wilhelm na Paul Mauser, na kuzimaliza mwaka 1888, jeshi la huko lilipopata bunduki ya baruti isiyo na moshi. Kwetu habari zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Mwaka 1889 afisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitua pwani ya Afrika Mashariki kuzima vita vya Abushiri, upinzani wa wenyeji dhidi ya Wajerumani, na askari wake walibeba bunduki hizohizo. Toleo hili linashikilia jambo moja: historia ya silaha haijakamilika mpaka iwataje walioibeba na waliopigwa nayo.

Tuitazame kwa karibu. Askari aliinua mkono wa komeo, akalivuta nyuma, akatia risasi moja ya milimita 11, akalisukuma mbele na kulilaza. Akishafyatua, alilivuta tena na kuinamisha bunduki ubavu ili ganda lidondoke, kwa kuwa haikuwa na kifaa cha kulirusha nje. Hata hivyo, mwenye gobori la kushindilia baruti mdomoni hakuweza kushindana na kasi hiyo.

Lakini ilijazwa risasi moja moja, na Wahehe waliuelewa udhaifu huo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, walijificha hadi kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski kikawa karibu kabisa, ndipo wakakivamia kwa mikuki. Zelewski aliuawa, na bunduki karibu 300 zikaangukia mikononi mwao.

Novemba 1914, Waingereza walipoishambulia Tanga, kampuni nyingi za askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, zilikuwa bado na Mauser hiyo. Kila mlio ulitoa moshi mzito ulioonyesha mpigaji alipo. Serikali iliyowataka Waafrika wafe kwa ajili ya Kaisari iliwapa silaha ambayo jeshi lake lilianza kuiacha miaka 26 nyuma. Huo si upungufu wa ghala peke yake; ni kipimo cha thamani waliyopewa.

Kwa hiyo tunawaomba watafiti na watunza makumbusho wasiridhike na kibao chenye jina la kiwanda na mwaka. Waandike pia ilikopita, nani aliibeba, kwa mshahara gani, na ilielekezwa kwa nani. Bila majibu hayo, tutaendelea kusoma sifa za mafundi wa Oberndorf huku wafu wetu wakiachwa nje ya habari yao wenyewe.