Sake: gari inafika, historia yake inabaki njiani

Kwenye njia panda ya Sake, pale barabara ya kutoka Goma inapogawanyika, upande mmoja ukienda Minova na Bukavu na mwingine ukipanda kuelekea Masisi na Kitshanga, ubovu wa gari haufichiki siku nyingi. Gari iliyotembea vizuri kwenye kilomita 25 hivi kutoka Goma inaweza kushindwa kwenye kilima cha kwanza, ikiwa na magunia ya maharagwe ndani na watu wameketi juu ya magunia. Hapo ndipo mwenyewe anajua alichonunua, na pesa yake imekwisha kwenda.

Magari mengi yanayotumika huku ni okazio kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai. Yanashushwa Mombasa au Dar es Salaam, yanavuka Uganda au Rwanda, na mwishoni yanauzwa na komisioneri anayelipwa siku ya kuuza, si siku ya kuharibika. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo milioni 14 yaliyokwisha tumika, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko mabara mengine. Mnunuzi wa Sake yuko mwisho kabisa wa msururu huo.

Kinachouma ni kwamba habari za gari hizo zilikuwepo. Japani, gari mpya inakaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi zinaandikwa. Karatasi ya kuitoa gari nchini inazibeba pia. Kwenye minada ya kule, gari inapewa alama na mchoro unaoonyesha pale ilipogongwa. Lakini karatasi hizo hazifuati gari hadi mwisho. Moja inabaki kwa mwagizaji, nyingine inabaki kwenye forodha, nyingine inatupwa kwa sababu imeandikwa Kijapani na hakuna wa kuisoma. Ikifika Sake, kilichobaki ni namba ya kilomita kwenye dashibodi, na namba hiyo mtu mwenye kifaa anairudisha nyuma bila jasho.

Mwenye simu na mega naye hapati msaada mkubwa. Tovuti nyingi za Ulaya na Marekani za kuchunguza historia ya gari zinataka namba ya shasi yenye herufi na tarakimu 17. Gari iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ina namba fupi zaidi, kwa hiyo tovuti inajibu kwamba gari hiyo haipo. Wajerumani wanatoa kila mwaka ripoti ya TÜV juu ya magari yanayoshindwa ukaguzi, lakini Noah na Probox haziuzwi kwao, na barabara zao si ya Sake–Masisi. Wengi basi wanasema tu: Toyota ni Toyota. Ni kweli nusu. Sifa ya jina inaeleza jinsi gari ilivyotengenezwa. Haielezi kama moteri iliwahi kukauka maji.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayofumuka kwenye usukani wakati wa ajali, iliwekwa katika magari ya kampuni nyingi za Japani, Toyota na Honda zikiwemo. Baadhi yake, hasa baada ya miaka mingi ya joto na unyevu, inapasuka na kurusha vipande vya chuma. Viwashio milioni 100 hivi viliitwa virudishwe dunia nzima, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Mwenye gari Japani aliandikiwa barua. Mwenye gari hiyohiyo Sake nani atamwandikia? Toyota inaruhusu kutafuta kwa namba ya shasi kwenye tovuti yake ya Japani, ila ukurasa ni wa Kijapani, na shasi iwe haijafutwa.

Hayo yote yanawapata watu ambao vita viliwapitia. Sake iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, siku chache kabla ya Goma, na benki za Goma zikafunga milango. Anayenunua gari leo ananunua kwa dola alizozificha au alizochangiwa na ndugu. Gari mbaya ni karo ya watoto na mtaji wa duka kwa pamoja.

Mafundi wa garaji za Sake na Goma wanayajua magari haya kuliko ripoti yoyote. Wanajua ipi inakula amotisa kila miezi mitatu na ipi bwati yake ilifunguliwa mara mbili. Ila ujuzi huo uko kichwani, na fundi akikimbia mapigano unakimbia naye. Garaji zianze basi kuandika: kila gari iwe na kaye yake, fundi aandike tarehe, kilomita, piesi aliyoweka, kama ni mpya au okazio, na atie sahihi. Kaye hiyo iuzwe pamoja na gari. Wapo watakaosema kaye inaweza kughushiwa. Inaweza, lakini kughushi sahihi za garaji nne kwa miaka mitatu ni kazi kuliko kurudisha namba ya dashibodi.

Kwa sasa mnunuzi asimchukue fundi aliyeletwa na komisioneri. Aombe karatasi ya kutoka Japani, alinganishe namba yake na ile iliyogongwa kwenye shasi. Atazame raba za pedali: gari ya kilomita 60 000 haina pedali zilizolika hadi chuma. Afike asubuhi, moteri ikiwa bado baridi. Na pale usalama unaporuhusu, aipandishe kilima ikiwa na mzigo kabla ya kulipa.

Chama cha Madereva wa Kongo, ACCO, kinaweza kuanza na magari ya abiria tu. Hayo yanapita parkingi kila siku, na kuomba kaye pale hakuchukui dakika mbili.