Ujuzi wa Bingwa Ufike Zahanati ya Kijiji

Upungufu wa huduma ya afya vijijini haujapata kuwa wa majengo na dawa peke yake. Ujuzi nao ni haba. Daktari bingwa wa watoto hukaa mjini, na mtoto mwenye homa yuko kijijini. Katika wilaya ya Malinyi, ambako mvua za masika hufurisha Mto Kilombero na matawi yake, mwendo wa saa chache waweza kugeuka mwendo wa siku. Hospitali ya Lugala ipo, lakini mama wa kijiji cha mbali huanza kwa tabibu wa zahanati, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Bonde hili limepata kuonyesha njia. Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alifika Ifakara mwaka 1949, na maabara iliyotokana na kazi yake ndiyo mbegu ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wapatao milioni 2 nchini, wakasoma kwa vikundi na kuchimba vyoo. Lakini redio husema, haisikii. Haiwezi kumwuliza tabibu kama mtoto aliye mbele yake anapumua kwa shida.

Chombo kinachouliza sasa kipo. Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, programu iitwayo ePOCT+ ilijaribiwa katika zahanati na vituo vya afya 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, kwa watoto wasiozidi miaka 14. Tabibu huandika katika kishikwambi umri, uzito na dalili za mtoto. Programu humwuliza swali baada ya swali, humwelekeza vipimo vinavyofaa, kisha hupendekeza ugonjwa na kipimo cha dawa. Nyuma ya kila swali umo ushauri wa mabingwa.

Matokeo yake yastahili kuzingatiwa. Katika vituo visivyotumia programu hiyo, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibayotiki. Katika vituo vilivyoitumia, walikuwa 23 tu. Na idadi ya watoto ambao hawakupata nafuu kufikia siku ya saba haikuzidi ile ya vituo vingine.

Hili si jambo la kuokoa fedha tu. Antibayotiki inayotolewa ovyo kwa kila mafua huvifundisha vijidudu kuishinda. Siku mtoto atakapougua kichomi cha kweli, dawa ile ile itakuwa maji matupu.

Wapo wanaohofu kwamba tabibu atageuka kasuku wa mashine. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si kukikataa chombo. Programu haimgusi mtoto wala haimsikilizi mama. Tabibu akiandika dalili kwa uzembe, atapata ushauri wa kizembe. Kwa hiyo uamuzi lazima ubaki mikononi mwake, naye afunzwe kujua kwa nini ameambiwa hivi na si vile. Hata katika jaribio lile, matabibu hawakuachiwa vishikwambi na kusahauliwa. Waliendelea kupewa miongozo na kuonyeshwa takwimu za kazi yao.

Katika nchi tajiri wataalamu wamewahi kukutana na wanafunzi wao ndani ya dunia za kubuni za kompyuta, kama ile ya Second Life iliyofunguliwa mwaka 2003. Malinyi haihitaji dunia ya kubuni. Inahitaji umeme wa kuchaji chombo, vipimo visivyoisha, na msimamizi anayefika hata wakati wa masika. Inahitaji pia kwamba kanuni zilizomo ndani ya programu zisimamiwe na wataalamu wa Tanzania, ili mwongozo wa tiba unapobadilika, ubadilishwe hapa hapa bila kungoja hisani ya wafadhili.

Walimu, ambao baada ya Sensa ya mwaka 2022 walikabidhiwa vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo, wanajua kwamba chombo peke yake hakifundishi. Ndivyo ilivyo zahanatini. Maofisa wanaopanga bajeti za halmashauri hawana budi kuhesabu mafunzo, vipimo na usimamizi pamoja na kishikwambi chenyewe. Wasipofanya hivyo, kitafungiwa kabatini, na mtoto wa Malinyi atabaki mbali na bingwa kama zamani.